Tangi Halitoki Hapa

Kila mtu hapa Kasulu ana mpango wake na tangi langu la samaki. Jirani yangu mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mzee ambaye babu yake alitoka Bagamoyo na ambaye hachoki kutukumbusha hivyo, aliwahi kusema kioo kile kingefaa kabisa kabati la sambusa la mke wake. Wateja wangu wa saluni walisema chipsi. Mama mmoja niliyekuwa namsuka alipendekeza nifugie humo vifaranga. Hakuna hata mmoja aliyesema linafaa kukaa na maji, majani na samaki wasioliwa, isipokuwa mimi. Basi, kwa kuwa saluni ni yangu, ushauri wangu ndio niliofuata.

Kioo alikikata fundi, lakini gundi niliipaka mwenyewe. Likavuja, nikapaka tena. Chini niliweka udongo mweusi wa bondeni, juu yake mchanga nilioosha mpaka vidole vikanyauka. Mimea niliing'oa upande wa Kibondo, kwenye kinamasi kinachopakana na mpunga wa kaka yangu: mmoja una majani marefu membamba kama utepe, mwingine una majani ya manyoya manyoya. Samaki nao walitoka huko huko, visamaki visivyozidi kidole cha mtoto, vyenye mstari wa fedha ubavuni. Yote hayo kwa sababu niliwahi kuona tangi kama hilo kwenye hoteli moja Kigoma mjini, tulipokwenda harusini na kwaya yetu. Wenzangu walikuwa wanagombania viti, mimi nimesimama mbele ya kioo mdomo wazi.

Wapo walioniuliza kwa ukali, kana kwamba nimeiba: samaki usiyemla wa nini? Nitajibu. Mimi nimezaliwa kambini. Wazazi wangu walivuka kutoka Burundi na watoto mgongoni, na mimi nikazaliwa upande huu, chini ya turubai. Kambini kila kitu kina kazi. Kopo ni kikombe, gunia ni mlango, nguo ikichakaa ni nepi, nepi ikichakaa ni utambi. Hata uraia tulipoupata na kutoka, hiyo tabia tulitoka nayo. Ukinunua kitu, ndugu zako wanakigeuza geuza kutafuta kazi yake. Nikasema mimi nitakuwa na kitu kimoja kisicho na kazi. Kimoja tu. Kikae pale kipendeze, na anayeudhika aende akasukwe kwingine.

Mama yangu ndiye aliyekuwa anaishi nami, chumba cha nyuma ya saluni. Tangi hakulipenda, ila hakulitukana. Alikuwa akipita asubuhi na ufagio wake anasimama kidogo, anauliza lile lile: "Haya maji anakunywa nani?"

"Samaki, mama."

"Mm," anasema, anaendelea kufagia.

Ili mtu aelewe kilichotokea lazima aelewe mama yangu na maji. Kule kambini, msimu mmoja wa masika, kuhara kulipita na kumchukua mdogo wangu aliyekuwa ameanza kutembea. Alikunywa maji ya kijito, kwenye kikombe alichopewa na mama mwenyewe. Tangu hapo hakuna maji yaliyoingia nyumbani kwa mama bila kutiwa dawa. Kuchemsha hakukumtosha. Maji ya kunywa, ya kupikia, ya kunawia miguu, yote kidonge kwanza. Baba alikuwa akisema chai ya nyumbani kwake ina harufu ya hospitali. Kuna Pasaka mama alirudi kutoka kanisani na chupa ya maji ya baraka, na jioni tukamkuta ameyatia kidonge nayo. Padri alipoambiwa alicheka mpaka akakaa chini. Sisi hatukucheka sana. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mama aliumwa na nyoka mwenyewe.

Sasa, mwaka ule masika yalikuja kwa fujo. Redio ilikuwa inatangaza tahadhari ya kipindupindu asubuhi na jioni. Na tangi langu, ambalo nililiweka karibu na dirisha kwa ujinga wa kupenda mwanga, lilikuwa limepata mwani. Maji yakawa ya kijani kama kisamvu. Hilo si baya kwa samaki, ni la kurekebisha tu. Nikapanga nikirudi kutoka Kakonko, nilikokuwa nakwenda kwenye msiba wa shangazi, nilisogeze penye kivuli.

Nikaondoka. Mama akabaki na redio, na maji ya kijani, na watoto wa wateja ambao hupenda kubandika midomo kwenye kioo.

Alifanya hesabu ya kambini: ndoo moja, kidonge kimoja, maji yakiwa machafu, viwili. Tangi ni ndoo nyingi na maji yake yalikuwa machafu kuliko yote aliyowahi kuyaona ndani ya nyumba. Akavisaga vidonge vyote alivyokuwa amejiwekea, akavikoroga kwenye bakuli, akamimina kwa upendo kabisa. Halafu akakaa kwenye kiti cha wateja kusubiri yatulie, kama alivyozoea.

Niliporudi, harufu ilinipokea mlangoni. Maji yalikuwa meupe, angavu, unaweza kusoma gazeti kupitia upande wa pili. Majani yote yalikuwa yamelegea na kugeuka rangi ya mchele uliopikwa. Hakuna kilichotikisika. Konokono walikuwa wamelala kwenye mchanga, midomo juu. Samaki hawakuwepo; mama alikuwa amewaokota mmoja mmoja kwa kijiko na kuwazika nyuma, chini ya migomba. Hakuwatupia kuku, alisema, kwa sababu wana dawa.

"Nimeyasafisha," aliniambia. Kisha, kwa sauti ndogo, "Nikaona wanapanda juu wanatafuta pumzi. Nikajua nimekosea, lakini kutoa dawa kwenye maji sijui. Kutia ndiyo ninajua."

Nilimshika mkono tukaingia ndani, nikachemsha chai.

Walioharibu ni watu. Kesho yake saluni ilijaa, na kicheko kikajaa nayo. Bibi kaua samaki kwa kuwaogesha! Bibi kawapa samaki kipindupindu! Maneno yalitoka saluni yakaenda sokoni, yakazunguka kwenye maharage na migebuka ya ziwani, yakarudi yameota mkia. Jirani yangu naye, mtu wa adabu zake zote, alichungulia dirishani akasema, "Bibi mpishi, karibu na kwangu, nina ndizi za kuchemsha kwa dawa." Alidhani anatania. Mama alikuwa amekaa pale pale anachambua maharage. Hakuinua uso. Siku iliyofuata alifunga mzigo wake.

"Mikono yangu imeua ndani ya nyumba yako," alisema. "Siwezi kukaa ninaangalia lile kaburi. Naenda kwa kaka yako. Likitoka, utaniita."

Akapanda basi la Kibondo. Kaka yangu hakungoja hata mama apumzike, akanipigia simu.

"Mdogo wangu, tupa hilo dude, mama arudi. Huku kwangu hali chakula vizuri. Unashindwa kuchagua kati ya mama na kioo?"

"Sichagui," nikamwambia.

"Maana yake nini, huchagui?"

"Maana yake navitaka vyote viwili."

Akasema nina kichwa kigumu. Ni kweli, ninacho, na kimenifikisha mbali kuliko vichwa vingi laini ninavyovijua. Lakini haukuwa ubishi mtupu. Nilikuwa nimemwona mama alivyoitazama mikono yake siku ile. Kama ningelitoa tangi, angerudi, ndiyo, na angefagia na kupika kama kawaida. Ila angeamini mpaka anaingia kaburini kwamba alichogusa kilikufa. Ameshabeba mtoto mmoja kwa namna hiyo, kwa sababu ya kikombe cha maji ambacho mama yeyote angekitoa. Sikukubali abebe na hiki. Nilitaka arudi akute kitu alichodhani amekiua kinaishi. Kile kile, si kingine.

Nikaanza kazi. Maji yote nikayanyonya kwa mpira na kuyamwaga barabarani, mbali na migomba. Jirani alikuwa amesimama na tasbihi yake anatazama.

"Binti yangu," akasema, "maji yakishamwagika hayazoleki. Mwachie Mungu. Na kioo mwachie mke wangu."

"Haya sikuyamwaga mzee, nimeyafukuza," nikamwambia. "Na ulivyomtania mama yangu, sambusa za mke wako utazipanga kwenye ungo mpaka uzeeke."

Baadaye alileta beseni mbili kubwa kutoka dukani, akaziacha mlangoni. Nilizichukua. Hasira yangu haikupungua, lakini beseni nilikuwa nazihitaji.

Nilijaza maji mapya, nikayaacha juani kwenye beseni, nikiyakoroga kila nilipopata nafasi kati ya kichwa na kichwa, kwa sababu dawa ile hupeperuka kwa jua na hewa. Mchanga niliuosha juu juu tu. Majani yaliyooza niliyakata kwa mkasi mpaka chini, yakabaki mashina kama mabua baada ya mavuno. Sponji ya chujio la ile pampu ndogo inayozungusha maji niliisuuza. Nikajaza tangi, nikawasha pampu, na maji yakawa safi kiasi kwamba nilijipongeza. Nikaomba samaki watatu kwa vijana wa bondeni, nikawatia.

Wakafa. Mmoja baada ya mwingine, bila alama yoyote mwilini, kwenye maji masafi kabisa.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nakisoma kwenye simu bila kukielewa. Maji ya tangi huishi kwa vijidudu visivyoonekana, vinavyokaa kwenye sponji na mchanga na kula uchafu wa samaki. Dawa ya mama haikuchagua kati ya kijidudu cha kipindupindu na hivi. Ilipiga vyote. Mimi nilikuwa nimewaweka wale watatu kwenye nyumba iliyodekiwa vizuri, ambayo haina choo.

Nililia siku hiyo, nasema wazi. Nililia nikiwa nimeshika sega, na mteja akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia ndiyo. Akatoa pole, akauliza nani. Nikamwambia akae sawa nimsuke.

Nilikwenda Kibondo kutafuta tope. Siku hizi ni lami, huchoki, unafika na nguo safi. Nilibeba ndoo yenye mfuniko, na kondakta aliponiuliza nabeba nini nikamwambia bado sijakibeba. Kaka alinipeleka kwenye kile kinamasi akiwa ananung'unika njia nzima. Nikavua viatu, nikaingia, nikazoa tope la juu, lile laini linalonuka uhai, na majani makavu yaliyooza na mawe yenye utelezi. Pale pembeni mimea ilikuwa imejaa, ileile ya utepe, ya kijani, minono.

"Si ung'oe hii, upande upya?" kaka akasema. "Ndani ya wiki tangi limejaa. Mama atajuaje?"

"Mama ni mkulima. Atajua."

"Una shida, wewe."

"Ninayo."

Mama alikuwa uani kwa kaka anapukuchua mahindi. Alikuwa amekonda. Aliona ndoo, akanusa, akageuza uso.

"Bado lipo?"

"Lipo, mama. Twende ukalione."

"Oya, mwana wanje." Alikataa kwa Kirundi, akaendelea kupukuchua. "Kilichokufa hakiitwi. Nilimwita mdogo wako, hakuitika."

Ndugu msomaji, hapo mtu mwingine angeweka ndoo chini. Mimi niliiinua nikaenda stendi, na machozi nikayafutia kwenye basi kwa upande wa kitenge ambao hauna tope.

Kilichofuata hakikupendeza. Nilitia tope lile kwenye sponji na kwenye mchanga, nikalihamishia tangi kwenye kona yenye kivuli, nikaacha. Maji yakawa kama maziwa. Kisha ute wa kahawia ukapanda kwenye kioo. Kukawa na harufu ya bonde. Wateja wawili wakahama, wakaenda saluni ya ng'ambo ya barabara yenye picha za Dar ukutani, safari njema. Waliobaki walikuwa wananiuliza taratibu, kama mtu anavyomuuliza mgonjwa, kama bado nafikiria kuendelea. Mimi nilikuwa nakatakata kipande kidogo cha dagaa na kukitupia kwenye maji matupu, ili vijidudu vipate chakula, na walioniona nalisha samaki wasiokuwepo walipeana macho. Peaneni, nilisema moyoni.

Nilichokuwa nakitazama ni mashina. Nilikuwa nimegoma kuyang'oa. Yalikuwa meusi, yameinama, ukiyagusa yanaacha ngozi kwenye kidole. Lakini kila nilipovuta moja kidogo, lilikuwa limeshika chini. Kitu kilichokufa kabisa hakishiki. Mkulima yeyote anajua hilo, hata mtoto wa mkulima aliyekulia kwenye mgao wa unga.

Na asubuhi moja, wakati nafungua dirisha, nikaona ncha. Ndogo kama mwanzo wa kucha, ya kijani kibichi, imetoboa mchanga kando ya shina jeusi. Nilipiga yowe. Jirani alikuja mbio na nyundo mkononi akidhani nimevamiwa. Nikamwonyesha. Alivaa miwani, akainama, akaangalia muda mrefu.

"Subhanallah," akasema. "Huyu hajui kama aliuawa."

Dawa haikuwa imefika chini. Ilichoma majani, ikaua kila kilichoogelea, lakini kwenye ule udongo mweusi chini ya mchanga, mizizi ilikuwa imejikalia. Ncha moja ikawa nyingine, halafu zikaanza kutambaa, kila mche unatuma mtoto pembeni, na mtoto anatuma wake. Maji yakatulia yenyewe. Konokono mdogo sana, ambaye lazima alikuja na tope, akaonekana kwenye kioo akilamba ule ute wa kahawia. Niliwatia samaki wawili, nikasubiri. Wakaishi. Nikaongeza.

Sikumpigia mama simu. Nilitaka aje kwa macho yake, na nilijua ana siku ya kliniki ya macho Kabanga, hospitali iliyo karibu nami. Kaka alimpandisha basi na maagizo kwamba akimaliza arudi. Lakini kliniki ilichelewa, mvua ikanyesha, basi la mwisho likaondoka, na mama akaja kubisha kwangu akiwa amelowa, kwa sura ya mtu anayeomba hifadhi kwa mgeni.

Aliingia akatazama chini. Nilikuwa namsuka mtu, sikusimama. Alikaa kwenye benchi, akaligeuzia tangi mgongo, akanywa chai yote. Mteja wangu aliondoka. Mvua ikakatika, mwanga ukaingia. Nilimwona anageuka kidogo kidogo, akijifanya anatafuta mahali pa kuweka kikombe.

Alisimama mbele ya kioo, mikono nyuma, kama anavyosimama mtu kwenye mpaka wa shamba la mwenzake.

"Umepanda mengine," alisema.

"Sikupanda hata moja. Ni yale yale. Dawa yako haikuweza mizizi, mama. Jaribu nyingine."

Nilidhani atakasirika. Akaenda kuosha kikombe chake. Usiku nilisikia amechelewa kulala.

Asubuhi alikuwa ameshafunga kitenge na mkoba wake uko begani. Akasimama pale pale.

"Nipe mbegu," alisema. "Miche michache. Nitaiweka kwenye beseni kule kwa kaka yako."

"Kule kinamasi kimejaa."

"Yale sijui yamepitia nini. Nataka haya."

Kwetu, kwa Waha na kwa watu tuliotoka ng'ambo ya mpaka, mtu haombi mbegu kwenye shamba analolidharau. Na mbegu ikiombwa, hainyimwi. Unaweza kumnyima mtu chumvi, unaweza kumnyima binti. Ukimnyima mbegu, watu watalitaja kwenye msiba wako. Mama alikuwa amenipa heshima kubwa kuliko zote anazozijua. Nami nilielewa vizuri kwamba nikimpa, ataibeba kwenye mfuko wenye maji, atapanda basi, atakaa Kibondo na beseni lake, na mimi nitabaki na tangi.

"Sikupi," nikamwambia.

Akadhani hakusikia. "Unasemaje?"

"Nakunyima mbegu, mama."

"Mimi? Mimi niliyekuzaa?"

"Ego, ndiyo, wewe. Haya majani hayatoki hapa. Shamba liko hapa, limejaa, linataka kupunguzwa, na mimi sina muda, nina vichwa vya kusuka. Ukilitaka, lilime hapa hapa."

Sijawahi kumwona amekasirika vile. Nje basi lilikuwa linapiga honi, kondakta anaita Kibondo, Kibondo, na kama angetoka pale angetoka na tusi ambalo haliombewi radhi. Alitazama mlango. Akatazama mkoba wake.

"Mkasi uko wapi?" akauliza.

Nikampa. Akaurudisha mkononi mwangu.

"Si huu wenye nywele za watu. Mwingine."

Nikamletea wa jikoni. Akaweka mkoba chini, akakunja mkono wa blauzi, akauingiza mkono wake ndani ya maji mpaka kwenye kiwiko, na basi likaondoka.